Botini za mlima za wanaume: namna ya kuchagua ku soko na kuzitunza, kwa watu wa Goma na Bukavu

Ndugu zangu, maswali ni yaleyale kila wiki. Mmoja amepata kazi ya tereni Masisi ao Kalehe, mwingine wenzake wamemwambia twende tupande Kahuzi, na wote wanauliza: nichukue botini gani, pwantire (namba ya kiatu) ngapi, nitajuaje ile ya mitumba ni nzima, na mbona ile niliyonunua feza nyingi semele (soli) yake imebaki njiani. Basi naandika yote fasi moja, kesho mtu akiuliza nimtumie hii nipumzike.

Naongea na mwenye kununua kaguwa (mitumba) ku soko la Birere hapa Goma ao la Kadutu kule Bukavu, si mwenye kuagiza Ulaya. Na ukisahau mengine yote shika hili: botini inaangaliwa chini kabla ya juu. Sisi wote tunaanzia ku ngozi, tunaona inang'aa, jina kubwa limeandikwa pembeni, tunatoa feza. Kumbe kinachoua botini ya mitumba kiko chini, nitaeleza ku hatua ya 4.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

Karatasi mbili, kalamu na rula. Sosete zilezile utakazovaa mlimani (wauzaji watakupa kisosete chembamba cha nailoni, kikatae). Simu yenye tochi. Feza ya botini, na kidogo ya pembeni ya kordonie (fundi viatu) na lase (kamba za viatu) mpya, ju botini ya mitumba karibu kila mara inataka kitu. Za matunzo: brashi mbili, moja ya nguo na moja ya meno iliyozeeka, kitambaa, magazeti ya zamani, na nta. Basi.

Na muda. Usiende saa sita umekimbia kidogo kutoka kazini. Nenda jioni ukiwa na saa nzima, mguu wa jioni umevimba kidogo na njo mguu utakaokuwa nao mlimani.

Hatua kwa hatua

1. Jua utakanyaga nini.

Hapa kwetu kuna mambo mawili na hayafanani. Goma ni jiwe. Lava ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani na mpaka leo tunatembea juu yake, unajua vile inavyokwaruza. Njia ya volkano ya Nyiragongo inaanzia Kibati karibu mita 1,990 na kilele kiko mita 3,470, na sehemu kubwa ni mawe yenye ncha, mengine yanateleza chini ya mguu. Jiwe hilo linakula semele laini na linachana kitambaa. Unataka semele nguvu, ngozi nene, na ukingo wa mpira uliozunguka pua ya kiatu.

Bukavu na Kahuzi ni potopoto. Udongo mwekundu wa mfinyanzi, mvua kuanzia mwezi wa 9 mpaka wa 5, msitu wa mianzi wenye visiki vilivyokatwa vikiwa na ncha, na kilele cha Kahuzi ni mita 3,308. Hapo unataka meno ya semele marefu na yaliyoachana, ju meno yaliyosongamana yanajaa udongo na kiisha unateleza kabisa. Na niseme wazi, kwa kutembea ndani ya kinamasi kitupu bote ndefu za mvua za kawuchu zinashinda botini yoyote ya bei, wapagazi na wapisteri (waongozaji wa msituni) wanazivaa na si wajinga. Ila usizipeleke ku mawe ya volkano, kifundo cha mguu hakishikwi na jiwe linazichana.

Kabla ya yote uliza kama njia iko wazi na salama. Hali ya hapa kila mtu anaijua, botini nzuri haifungui barrière (kizuizi cha barabarani).

2. Pima mguu, usikisie.

Simama juu ya karatasi, uzito wote ku mguu, kisigino kikiguswa na ukuta. Chora alama mbele ya kidole kirefu (kwa wengi ni kidole gumba, kwa wengine ni kile cha pili). Pima miguu yote miwili, chukua ule mkubwa. Hesabu ya pwantire za Ulaya ni rahisi: chukua sentimita za mguu, ongeza 1.5, kiisha zidisha na 1.5. Mguu wa sentimita 27 unatoa 42.75, basi unatafuta 43 na unajaribu 44 pia.

Hii ni ya kuanzia tu. Viwanda havipimi sawa, 43 ya mmoja ni 42 ya mwingine. Ku lebo ndani ya ulimi wa kiatu mara nyingi kuna namba nyingi, tafuta ile ya CM ao JP, hiyo inakupa urefu wa mguu moja kwa moja na haina mchezo.

Angalizo la wanaume: ndani ya marundo ya kaguwa botini za wanawake zinachanganyika na zetu, na namba za Marekani za wanawake zinazidi za wanaume kwa kama 1.5. Utaona 10 ukafikiri ni kubwa, kumbe ni ya mama. Tafuta herufi W mbele ya namba, ao neno la kifaransa femme. Za wanawake kisigino ni chembamba na mbele ni nyembamba vilevile, utaumia vidole vya pembeni. Na kama mguu wako ni mpana, namba ikifuatwa na 2E ao EE ni ya upana zaidi, D ni ya kawaida ya mwanaume.

3. Amua aina kabla ya kuona rangi.

Urefu: fupi chini ya kifundo ni ya njia kavu na mzigo mdogo. Yenye kufika juu ya kifundo njo ya watu wengi hapa, inazuia mawe madogo kuingia na inakinga mfupa wa kifundo usigongwe.

Ngozi laini ya juu isiyo na manyoya inadumu kuliko zote na inapakwa nta vizuri. Nubuki na swedi ni ngozi pia, zenye manyoya mafupi juu, ila zinanyonya maji haraka na nta inazibadilisha rangi. Za kitambaa chenye matundu ni nyepesi, zinakauka haraka, na mawe yetu yanazichana haraka vilevile. Zilizoandikwa Gore-Tex zina utando ndani wa kuzuia maji, ni nzuri ku majani yenye umande, lakini maji yakishaingia kwa juu, mfano umevuka mto, yanakaa humo kwa siku. Usiongeze feza nyingi ju ya neno hilo ku mitumba, utando wa zamani mara nyingi umekwisha kutoboka na huwezi kuuona.

Mbili za kuepuka. Botini za usalama za chantier zenye chuma mbele: ni nzito, na kwenye mteremko vidole vinagonga chuma saa nzima. Na botini za jeshi, hata kama ni nguvu na bei iko chini. Raia hana ruhusa ya kuvaa vitu vya jeshi, na ku barrière utajieleza mpaka jioni.

4. Ku soko: geuza kiatu.

Hapa njo pa kukaa muda mrefu. Kati ya semele ya nje ya mpira na ngozi kuna tabaka la sponji ngumu, rangi mara nyingi kijivu ao nyeusi. Kwa botini nyingi za mlima ni ya poliuretani, lebo inaandika PU. Sponji hiyo inaoza na unyevu wa hewa, polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa hata siku moja. Kati ya miaka 5 na 10 hivi inaanza kupasuka na kumeguka. Sasa fikiria botini imekaa ndani ya kabati la mzungu miaka saba, ikaingia ndani ya balo, ikavuka bahari, ikafika Goma. Juu inang'aa, haijachoka, muzee wa soko anakwambia hii ni mpya papa, haijavaliwa. Na kweli haijavaliwa. Njo hatari yenyewe.

Fanya hivi, muuzaji akikasirika mwache akasirike:

- Bonyeza ile sponji na ukucha wa gumba, pande zote, hasa kisigino. Nzima inarudi. Iliyooza inabaki na alama, ao inatoa unga, ao inanata ku kidole.
- Kunja botini kama unavyokanyaga, sikiliza. Washa tochi uangalie mstari wa kukunjia. Ukiona nyufa ndogondogo nyingi kama za mkate mkavu, rudisha chini.
- Vuta semele kwa pua ya kiatu na kwa kisigino. Ikifunguka hata kidogo, uliza bei ya kordonie kwanza.
- Tafuta kole mpya: mstari wa njano ao unaong'aa pembeni ni kole ya wiki hii. Kole siyo dhambi, uliza tu kwa nini iliwekwa.
- Ku lebo ya ndani mara nyingine kuna mwezi na mwaka wa kutengenezwa, namba ndogo kama 03/14. Ukiikuta umepata jibu lote.

Kuna sponji nyingine inaitwa EVA, nyepesi zaidi. Hii haimeguki hivyo, inabonyea tu na kubaki bapa. Ukiona mikunjo ya kulala pembeni imejaa na kisigino kimeegemea upande mmoja, imekwisha.

Kiisha meno. Yakiwa yamebaki chini ya milimita 3 hivi, ku potopoto utateleza. Alama ya Vibram, ile ya pembe nane ya njano, inakwambia mpira ni mzuri. Ilianzishwa na mwitaliano Vitale Bramani, mpanda mlima, aliyepoteza wenzake sita ku mlima mwaka 1935 na mwaka 1937 akaleta semele ya mpira yenye meno. Lakini alama inaigizwa, na hata ya kweli haizuii sponji ya juu yake kuoza.

Ngozi tuiangalie haraka: paka mate ku kidole ufute fasi inayokunjika, ju sire (rangi ya viatu) nyeusi nyingi inaficha nyufa. Ingiza mkono ndani, tafuta tundu la kisigino. Nusa. Basi.

5. Vaa, tembea, teremka.

Bila kufunga lase, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kiingie. Kisipoingia ni ndogo, vikiingia viwili ni kubwa. Kiisha gonga kisigino chini, funga lase, na utafute mteremko. Bukavu hakuna shida, mji wote ni mteremko. Birere tafuta ngazi ao rundo la mawe. Ukiteremka vidole vikigusa mbele acha hiyo botini, hakuna "itajinyoosha". Urefu haunyooki kamwe, upana njo unaweza kulegea kidogo. Kisigino kikipanda na kushuka sana ukipanda, malengelenge yanakungoja.

Vaa miguu yote miwili. Mitumba inaleta 43 na 42 zimefungwa pamoja, nimeona zaidi ya mara moja.

6. Badilisha vitu vidogo siku hiyohiyo.

Semele ya ndani inayotoka, itoe utupe, weka mpya. Imekunywa jasho la mtu mwingine. Futa ndani na kitambaa chenye pombe kidogo ya hospitali, iache wazi ikauke. Lase mpya, za mviringo na nguvu, na jozi ya akiba.

Sosete: achana na za pamba. Pamba inashika maji, ngozi ya mguu inalainika, malengelenge yanatoka. Sufu ni nzuri ukiipata. Usipoipata, sosete ndefu za kandanda za nailoni na polyesta zinafaa kabisa na ziko kila kona.

7. Zoeza taratibu.

Siku za kwanza nyumbani na ku kazi. Kiisha panda Mont Goma mwisho wa wiki, ama kwa wa Bukavu zunguka na miguu badala ya kuchukua moto (pikipiki). Ngozi nene inataka wiki mbili tatu, ya kitambaa siku chache. Kosa kubwa la watu wapya ni kununua Ijumaa na kupanda Jumamosi.

Lase pia ni ya kujifunza. Kwenye kupanda, legeza juu kidogo kifundo kikunjike. Kabla ya kuteremka simama, kaza upya: vuta kisigino nyuma, pitisha lase mara mbili moja juu ya nyingine pale mguu unapopinda, kiisha malizia juu. Hilo fundo la mara mbili linashika kisigino na kuokoa kucha. Kucha zenyewe kata siku mbili kabla, si asubuhi ya safari.

8. Ukirudi, safisha siku hiyo.

Potopoto iliyokauka inavuta mafuta ya ngozi mpaka inapasuka. Vumbi la volkano ni baya zaidi, ni chembe zenye ncha na zikiingia ku mishono zinasaga uzi kila ukipiga hatua. Gonga botini mbili, toa lase na semele ya ndani, piga brashi kavu kwanza, kiisha maji ya baridi na brashi. Brashi ya meno ni ya mishono na chini ya matundu ya lase. Sabuni kidogo ya kipande kama ni chafu sana. Usitumie javel, usitumie sabuni ya unga, usiloweke ndani ya beseni usiku mzima.

9. Kausha pole.

Kivulini, fasi yenye hewa, ulimi umefunguliwa. Jaza magazeti ndani na uyabadilishe yakilowa. Inaweza kuchukua siku mbili, vumilia.

USIWEKE KARIBU NA MBABULA. Naandika kwa herufi kubwa ju kila msimu wa mvua kuna mtu anafanya. Moto wa makala unalegeza kole, ngozi inakauka na kujikunja, na asubuhi unakuta botini imepungua pwantire. Juu ya paa la mabati saa sita ni kosa hilohilo.

10. Paka, ila si kila kitu.

Ngozi laini: nta ya viatu, ao nta ya nyuki kwa wauza asali, kidogo ku kitambaa, sugua mpaka iingie, kaza ku mishono. Fanya ikiwa safi na ina unyevu kidogo tu. Sire ya kawaida inapendeza na inasaidia rangi, maji haizuii sana. Nubuki na swedi zinataka dawa ya kupuliza, ukiikosa piga brashi tu. Mawese na mafuta ya kupikia hapana, yanaoza, yananuka, panya wanafurahi. Vaseline inalainisha ngozi kupita kiasi na inavuta vumbi.

11. Weka zikiwa kavu, uzivae.

Mfuko wa plastiki uliofungwa unazaa ukungu, na unyevu uliofungiwa unaozesha ile sponji. Rafu yenye hewa inatosha. Na usizihifadhi kwa "siku ya mlima", ukizivaa mara kwa mara zinakaa vizuri kuliko zikilala.

Kukiwa na shida

*Kisigino kinachubuka.* Fundo la mara mbili la hatua ya 7, na semele ya ndani nene kidogo. Ukisikia joto fasi moja simama palepale, bandika sparadra kabla ngozi haijainuka. Ukingoja mpaka juu umechelewa.

*Kucha nyeusi kidole gumba.* Botini ni fupi ao lase ililegea ku mteremko. Kaza kwanza, ikirudi uuze hiyo botini.

*Mgongo wa mguu unauma.* Ruka tundu moja pale panapouma, lase ipande wima pande zote mbili kiisha iendelee kukingamana juu.

*Inanuka.* Toa semele ya ndani uifue, mwaga bikarbonati ndani usiku, asubuhi kung'uta. Harufu ikirudi haraka, angalia miguu yako, pengine ni fangasi na inataka dawa.

*Ukungu mweupe.* Futa nje ya nyumba na kitambaa chenye siki na maji, kausha, paka nta.

*Semele imefunguka mbele.* Kwanza jua kwa nini. Kama kole tu ndiyo imeachia na sponji ni nzima, kordonie anaiweza: asugue pande zote mbili na karatasi ya msasa, afute vumbi, apake kole pande zote mbili, asubiri dakika 10 mpaka 15 ikauke kidogo, agandamize kwa nguvu, na wewe usiivae mpaka kesho yake. Wengi wanaruka kusubiri ju wateja wamepanga foleni, basi mwachie botini uende zako. Ile kole ndogo ya kukauka sekunde moja haifai, inakuwa ngumu na inavunjika ukikunja mguu. Kushona kuzunguka semele kunaongeza nguvu, ila kama kiatu kina utando wa maji, sindano imeutoboa. Na kama sponji inameguka hakuna kole itakayoshika unga. Kordonie mkweli atakwambia, ao atakupendekezea kuchonga semele yote upya na kawuchu ya tairi, ambayo ni nzito ila kwa mashamba inatembea.

*Imefunguka huko porini.* Beba daima kamba ya kawuchu, ile iliyokatwa ku chambrère (mpira wa ndani wa gurudumu) ya pikipiki, wafunga mizigo wa chukudu wanayo. Zungusha mara tatu mbele ya kiatu na mara moja kupitia chini ya kisigino, kaza, ficha fundo juu ili usikanyage. Usitumie waya kama una namna, unakata ngozi. Kila saa moja angalia kama imesogea, na teremka pole, hatua fupi.